Antena ndogo ya televisheni

Antena ndogo ya televisheni ni antena inayonasa matangazo ya televisheni ya ardhini ikiwa na umbo linaloweza kukaa juu ya meza, kubandikwa dirishani au kufungwa kwenye kona ya paa bila mlingoti mrefu. Tofauti na dishi, ambalo hupokea mawimbi kutoka setilaiti, antena hii hupokea mawimbi ya VHF na UHF yanayorushwa kutoka minara iliyojengwa ardhini.

Mhandisi anayeiunda hutamani mambo matatu kwa pamoja: iwe ndogo, ipokee chaneli nyingi zilizotawanyika katika bendi, na isipoteze nguvu ya mawimbi. Sheria za fizikia haziruhusu yote matatu yapatikane kwa ukamilifu. Akipunguza ukubwa, lazima akubali kupoteza upana wa bendi, au ufanisi, au vyote viwili kwa kiasi fulani. Ndiyo sababu antena mbili zinazofanana kwa bei na mwonekano zinaweza kutoa matokeo tofauti kabisa katika nyumba moja.

Ukubwa wa antena na urefu wa wimbi

Antena haiitwi ndogo kwa sababu inaenea kiganjani. Huitwa ndogo ikilinganishwa na urefu wa wimbi inalopokea. Urefu huo, kwa mita, hupatikana kwa kugawa 300 kwa masafa ya wimbi yaliyoandikwa kwa megahezi (MHz). Masafa hapa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, wala si umbali.

Antena ya msingi ni dipoli, yaani vipande viwili vya waya au bomba vilivyopangwa katika mstari mmoja, vikiwa na nafasi ndogo katikati ambapo kebo huunganishwa. Dipoli hufanya kazi vizuri urefu wake wote unapokaribia nusu ya urefu wa wimbi. Kwa MHz 50, iliyo katika bendi ya chini ya VHF, nusu ya wimbi ni mita 3. Kwa MHz 200, katika bendi ya juu ya VHF, ni sentimita 75. Kwa MHz 600, katika UHF, ni sentimita 25 tu. Kwa hiyo kifaa chenye upana wa sentimita 25 ni antena kamili kwa UHF, ni kifupi kwa VHF ya juu, na kwa VHF ya chini ni kipande cha waya tu.

Ufupi huu una gharama inayoweza kuhesabiwa. Dipoli ya nusu wimbi ina ukinzani wa mnururisho wa takriban omu 73, unaokaribiana sana na kebo ya televisheni ya omu 75, na hivyo nguvu yote iliyonaswa hupita kwenda kwenye kipokezi karibu bila kurudishwa. Dipoli iliyofupishwa hadi sehemu ya kumi ya urefu wa wimbi ina ukinzani wa mnururisho wa takriban omu 2. Ikiwa waya na koili zilizotumika kuirekebisha zina omu 2 nyingine za upotevu, nusu ya nguvu iliyonaswa hugeuka kuwa joto kabla haijafika kwenye kebo.

Kikomo cha Wheeler na Chu

Harold Wheeler mwaka 1947, na Lan Jen Chu mwaka 1948, walionyesha kwamba tatizo hili si la ufundi duni. Walichunguza antena iliyofungiwa ndani ya tufe la kuwaziwa, wakakuta kwamba kadiri tufe linavyokuwa dogo kuliko urefu wa wimbi, ndivyo antena inavyohifadhi nishati nyingi karibu yake badala ya kuibadilishana na anga. Matokeo yake ni kwamba antena huitikia masafa machache tu, kama kengele inayolia kwa sauti moja. Kwa antena ndogo sana, ukipunguza kipenyo kwa nusu, upana wa bendi hupungua kwa takriban mara nane kwa kulinganisha na masafa inayopokea.

Tuchukue tufe lenye kipenyo cha sentimita 30, yaani ukubwa wa antena nyingi za mezani. Kwa MHz 50, antena bora kabisa isiyopoteza nguvu yoyote ingekuwa na upana wa bendi wa takriban MHz 0.2, wakati chaneli moja ya televisheni katika bendi hiyo inahitaji MHz 7. Kwa MHz 200 upana unafika takriban MHz 35, ilhali bendi yote ya juu ya VHF, kutoka MHz 174 hadi 230, ina MHz 56. Ukifika UHF, tufe lile lile si dogo tena na kikomo hakisumbui. Hesabu hizi ni za makadirio, na saketi maalumu za ulinganishaji zinaweza kuongeza upana kidogo, lakini hakuna umbo la kiwandani linaloweza kuziruka.

Mtengenezaji anayetaka kupanua bendi kwa nguvu ana njia rahisi: kuongeza kinzani ndani ya antena. Bendi hupanuka kweli. Nguvu nayo huliwa na kinzani hicho. Vipimo vya upana vilivyochapishwa kwenye boksi vitaonekana vizuri, na mnunuzi hataona chochote kuhusu ufanisi.

Eneo la kuvuna

Mwanafunzi makini anaweza kuuliza kwa nini basi tusirushe kila kitu katika UHF, ambako antena ndogo inatosha. Jibu ni kwamba urefu mfupi wa wimbi nao una hasara yake. Dipoli hunasa nguvu kutoka katika eneo linalotegemea mraba wa urefu wa wimbi. Dipoli ya MHz 200 huvuna kutoka eneo la takriban mita za mraba 0.29. Dipoli ya MHz 600 huvuna kutoka takriban mita za mraba 0.033, karibu sawa na nusu ya karatasi ya A4. Mawimbi yakiwa na nguvu sawa hewani, dipoli ya UHF hupata sehemu moja ya tisa ya kile kinachopatikana kwa dipoli ya VHF.

Hasara hiyo hufidiwa kwa kuongeza elementi, kioo cha kurudisha mawimbi, au antena kadhaa zilizounganishwa pamoja, na kila moja ya njia hizo inarudisha ukubwa ule uliokimbiwa.

Kelele za nje na kelele za ndani

Redio ndogo ya mkononi hupokea vituo vya mawimbi ya kati kwa kijiti cha feraiti chenye urefu wa kidole, ilhali urefu wa wimbi ni mamia ya mita. Ufanisi wa antena hiyo ni mdogo mno, lakini redio hufanya kazi. Sababu ni kwamba katika masafa ya chini kelele nyingi hutoka nje: radi za mbali, injini, nyaya za umeme, na katika sehemu ya chini ya VHF hata mawimbi kutoka angani. Antena mbovu hupunguza matangazo na kelele hizo kwa kiwango kimoja, na uwiano kati yake haubadiliki sana.

Katika UHF hali ni kinyume. Kelele za nje ni chache, na kelele inayotawala huzaliwa ndani ya kipokezi chenyewe. Hapo kila desibeli inayopotea kwenye antena ni hasara halisi isiyorudi. (Desibeli 3 ni sawa na kuzidisha au kugawa nguvu kwa mbili, desibeli 10 ni mara kumi.) Hivyo hoja ya muuzaji kwamba "hata redio ina antena ndogo" haina maana kwa televisheni.

Maumbo yanayotumika

Antena ya ndani inayojulikana zaidi ni ile ya vijiti viwili vinavyovutwa. Vijiti vikivutwa vyote hufika mita moja au zaidi kila kimoja, kwa hiyo vinafaa VHF. Kwa UHF hupaswa kufupishwa hadi sentimita 12 au 13 kila kimoja, jambo ambalo watu wengi hawalifanyi. Mara nyingi huongezewa pete ya waya kwa ajili ya UHF. Pete yenye mzingo sawa na urefu mmoja wa wimbi, ambayo kwa MHz 550 ina kipenyo cha takriban sentimita 17, hunasa vizuri kuliko dipoli kwa kiasi kidogo.

Dipoli nyembamba huitikia masafa machache kuliko dipoli nene. Kwa sababu hiyo vipande vya UHF hupanuliwa kuwa pembetatu mbili zinazokutana kwa ncha, umbo linalofanana na kipepeo. Hii ni mojawapo ya njia chache za kupata bendi pana bila kulipa kwa ufanisi. Malipo yake ni eneo kubwa zaidi la bati au waya. Ukiweka nyuma ya kipepeo wavu wa chuma, kwa umbali wa takriban robo ya wimbi, unapata desibeli 3 hadi 5 zaidi upande wa mbele na kinga dhidi ya mawimbi ya nyuma. Lakini robo ya wimbi katika UHF ni kama sentimita 13, na kifaa kilichokuwa bapa sasa kimekuwa boksi.

Antena bapa za plastiki, nyembamba kama jalada la daftari, kwa kawaida zina pete au kipepeo kilichochapishwa ndani bila wavu wa nyuma. Kwa UHF karibu na mnara ni nzuri na hazichafui sebule. Kwa VHF ni dhaifu kwa sababu zilizokwisha kuelezwa. Kukunja waya kama nyoka au kuongeza koili huifanya antena fupi iitikie masafa ya chini, ila kwa bendi nyembamba zaidi na upotevu mkubwa zaidi.

Kwenye paa, antena inayofanana na mifupa ya samaki ni ya aina ya Yagi-Uda, iliyobuniwa Japani katika miaka ya 1920 na Shintaro Uda pamoja na Hidetsugu Yagi. Elementi zake za mbele huongoza mawimbi kuelekea dipoli. Kadiri boriti inavyorefuka ndivyo uwezo unavyoongezeka, lakini polepole: kuzidisha urefu mara mbili hakuleti hata desibeli 3 kamili. Antena ya logi-periodiki, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Illinois katika miaka ya 1950, hufanana nayo kwa mbali, ila elementi zake zote zimeunganishwa na hupungua urefu kwa uwiano maalumu. Hupokea bendi pana sana; kwa urefu uleule wa boriti hutoa uwezo mdogo kuliko Yagi.

Busta

Antena nyingi ndogo huuzwa zikiwa na kikuza mawimbi, maarufu kama busta. Hapa ndipo fedha nyingi za wananchi hupotea. Busta haiongezi uwezo wa antena kunasa. Huongeza kila kilichofika: matangazo, kelele, na mawimbi ya simu. Ni sawa na kuweka kipaza sauti mbele ya mtu anayenong'ona sokoni. Mnong'ono unaongezeka, na zogo la soko linaongezeka pamoja nao. Zaidi ya hayo busta ina kelele yake yenyewe.

Busta ina kazi moja halali, nayo ni kushinda upotevu wa kebo na kelele ya kipokezi. Mahali inapofungwa ndipo panapoamua. Chukua kebo ya mita 20 inayopoteza desibeli 4 katika UHF, kipokezi chenye kelele ya desibeli 6, na busta yenye kelele ya desibeli 2 na ukuzaji wa desibeli 20. Bila busta, kelele ya mfumo mzima ni desibeli 10. Busta ikifungwa juu karibu na antena, inashuka hadi takriban 2.2. Busta ileile ikifungwa chini karibu na televisheni, inakuwa takriban 6.1, kwa sababu matangazo yamekwisha kudhoofika ndani ya kebo kabla ya kukuzwa. Kifaa ni kilekile, gharama ni ileile, na tofauti ni karibu desibeli 4.

Antena ya ndani yenye kebo ya mita moja haina upotevu wa kebo wa kupigana nao. Faida ya busta hapo ni ndogo, na karibu na mnara inaweza kuleta madhara: busta huzidiwa na mawimbi yenye nguvu na kuanza kutengeneza mawimbi ya uongo yanayoharibu chaneli nyingine. Masafa ya kuanzia MHz 694 kwenda juu, ambayo zamani yalikuwa ya televisheni, sasa hutumiwa na simu katika nchi nyingi za Afrika na Ulaya, na busta isiyo na kichujio huyakuza hayo pia.

Mabadiliko yaliyoletwa na dijitali

Katika mfumo wa analogi, mawimbi yakidhoofika picha ilijaa chenga, na mawimbi yaliyogonga majengo yalileta vivuli pembeni mwa picha. Mtazamaji aliweza kuvumilia. Katika dijitali picha hubaki safi mpaka uwiano wa mawimbi na kelele unapofika kiwango fulani, kisha hugandamana na kupotea ndani ya desibeli moja au mbili. Mipangilio mingi ya DVB-T2 huhitaji uwiano wa kati ya desibeli 15 na 20. Antena ndogo iliyoko desibeli moja juu ya kiwango hicho huonekana nzuri kama Yagi kubwa, hadi mvua, mtu anayepita chumbani au lori lililoegeshwa nje lichukue desibeli hiyo.

Kwa upande mwingine, dijitali imezisaidia antena ndogo. Matangazo ya DVB-T2 hugawanywa katika mawimbi mengi membamba yenye muda wa tahadhari kati ya alama moja na nyingine, hivyo mwangwi kutoka majengo hauleti madhara makubwa kama zamani. Uwezo wa kuelekea upande mmoja tu, ambao antena ndogo hauna, umepungua umuhimu mijini.

Hakuna antena iliyo ya dijitali na nyingine ya analogi. Antena haijui kilichobebwa na wimbi. Antena ya zamani ya UHF iliyo nzima hupokea DVB-T2 bila tatizo, na maneno kama "HD" au "4K" kwenye boksi hayahusu chochote kilichomo ndani.

Mfano wa Philadelphia na Chicago

Marekani ilizima vituo vyake vikubwa vya analogi tarehe 12 Juni 2009. Wakati wa mpito vituo vingi vya dijitali vilikuwa UHF, na watu wengi walikuwa wamenunua antena ndogo zinazofaa bendi hiyo. Siku ya kuzima, baadhi ya vituo vilirudi kwenye chaneli zao za zamani za VHF. WPVI ya Philadelphia ilirudi chaneli ya 6, iliyo kati ya MHz 82 na 88, ambako dipoli ya nusu wimbi ina karibu mita 1.75. WLS ya Chicago ilikaa chaneli ya 7, MHz 174 hadi 180, ambako dipoli ina sentimita 85. Watazamaji wengi, hasa wa antena za ndani, walizipoteza. WPVI iliruhusiwa kuongeza nguvu ya mtambo. WLS hatimaye ilihamia UHF. Mpango wa masafa uliofaa kwenye karatasi ulikuwa umesahau kile kilichokuwa juu ya meza za watu.

Afrika Mashariki

Mkataba wa Geneva wa mwaka 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa matangazo ya analogi ya UHF katika nchi za Ulaya, Afrika na sehemu ya Asia. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analogi jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ilikamilisha mwaka 2015. Mfumo uliochaguliwa ni DVB-T2, na matangazo hupokelewa kwa king'amuzi au televisheni yenye king'amuzi ndani.

Matangazo haya ya ardhini hurushwa kwa UHF, kati ya MHz 470 na 694. Kwa mtazamaji hiyo ni bahati, kwani nusu ya wimbi ni kati ya sentimita 22 na 32, na antena ya mezani haipambani na kikomo cha Chu. Kinachomshinda mara nyingi ni mahali. Umbali ambao mawimbi hufika kabla ya kuzuiwa na mviringo wa dunia, kwa kilomita, ni takriban 4.12 mara jumla ya vipeuo vya pili vya kimo cha mnara na kimo cha antena, kwa mita. Mnara wa mita 100 na antena iliyo mita 1.5 juu ya ardhi hufikiana kwa kilomita 46. Antena ileile ikipandishwa mita 9, ni kilomita 54. Kabla ya kikomo hicho, kuta za zege, miti na vilima vimeshachukua sehemu yao. Paa la bati ni kizuizi kibaya zaidi, na antena iliyofichwa darini chini ya mabati huona mawimbi kupitia madirisha na mianya tu.

Kuchagua na kufunga

Aliye ndani ya kilomita chache kutoka mnara, na dirisha linaloutazama, hahitaji zaidi ya kipepeo au pete isiyo na busta. Aliye pembezoni mwa eneo la matangazo anahitaji Yagi au logi-periodiki nje, juu ya paa, hata kama iliyo ndogo ina maandishi mazuri zaidi.

Elementi zilale au zisimame kama zile za mnara. Zikipishana, upotevu unaweza kufika desibeli 20. Njia rahisi ya kujua ni kutazama antena za majirani wanaopata picha. Dipoli iliyokunjwa na kuwa kama kitanzi kirefu ina omu 300, hivyo huhitaji transfoma ndogo ya nne kwa moja kabla ya kebo ya omu 75.

Dipoli ya UHF inaweza kutengenezwa nyumbani au darasani kwa vipande viwili vya waya mnene wa shaba au aluminiamu, kila kimoja sentimita 12, vilivyofungwa kwenye ubao na kuunganishwa na kebo. Wavu wa kuku ukiwekwa sentimita 13 nyuma yake unatosha kuwa kioo, kwani matundu yake ni madogo sana kuliko wimbi.

King'amuzi huonyesha vipimo viwili, nguvu na ubora. Antena isogezwe sentimita chache kwa wakati mmoja, kwa sababu ndani ya chumba mawimbi yaliyogonga kuta huongezana sehemu moja na kufutana sehemu nyingine, kisha isubiriwe sekunde chache king'amuzi kisome upya. Kinachofuatwa ni ubora. Busta ikiwashwa, nguvu ikapanda na ubora ukabaki palepale au kushuka, basi ichomolewe.